Kaburi Fupi la Sehemu-88

Karani mwenzangu katika ofisi ya makaburi tulimwita Bi Kimya, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuchapa kwenye kompyuta daftari lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa herufi zilezile, kichwa kimoja cha maandishi kwa kila marehemu, kwa mpangilio wa mistari ya makaburi. Kisha programu iligeuza hati kuwa kurasa za mtandao, kila ukurasa na ramani ya kaburi lake.

Programu yenyewe ilikuwa zuzu. Kila kichwa ilipaswa kukitengenezea kitambulisho cha kukaa mwishoni mwa anwani, lakini herufi za Kiarabu haikuzijua, ikazitupa zote. Ilipobaki mikono mitupu, ikawaita marehemu wote "sehemu" na kuwapa namba kwa kufuatana. Sisi wavivu tukaona sawa tu, tukawatumia jamaa zao anwani hizo kwa simu.

Dereva mmoja wa malori alikuwa safarini binti yake wa miaka kumi na saba alipozikwa. Tulimtumia sehemu-88. Herufi za Kiarabu hakuzijua; aliporudi akafuata tu ramani ya ukurasa ule, na kila wiki akawa anakwenda kupalilia na kukaa.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja akaja dirishani, kofia mkononi.

"Dada, makaburi huwa yanapungua urefu?"

"Vipi, kaka?" nikamuuliza.

"La mwanangu fupi mno. Halafu nikikaa pale nasikia kichanga kinalia. Mchana kweupe! Nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa."

Nilitaka kucheka. Bi Kimya alifungua sehemu-88, akasoma kichwa, na nilipouona uso wake kicheko kikaniishia.

Siku mbili baada ya kumtumia dereva anwani ile, alikuwa ameingiza kichwa alichokuwa akikiruka makusudi: mtoto wake mwenyewe, aliyeishi siku moja. Alimweka mahali pake, kabla tu ya yule binti. Programu ikahesabu upya: mtoto akachukua themanini na nane, na wote waliofuata wakasogea namba moja. Makaburini kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Aliogopa, na mimi simlaumu.

Alimweleza dereva ukweli wote bila kumtazama, akamwandikia namba ya kaburi la binti yake. Lilikuwa lile la jirani tu. Yule baba akaikunja karatasi, lakini hakuondoka.

"Na huyu mdogo," akauliza, "nikimwacha, atabaki na nani?"

Bi Kimya akasimama, akatafuta viatu vyake chini ya meza.

"Nipeleke, kaka," akasema. "Mimi ndiye mama yake, na sipajui."