Firigisi ya Madam Chebet

Hii aibu nilidhani itaisha yenyewe, lakini juzi mtu wa Kiminini ambaye hata simjui ameniuliza kama ni mimi nilikula firigisi ya bosi, kwa hivyo afadhali mnisikie mwenyewe kabla hamjaletewa ile ya kutiwa chumvi.

Nilikuwa nauza mbegu na mbolea kwa duka moja huko Kitale, na mwenzangu wa kaunta ni Wanyonyi, mwanaume wa kuchomekea shati hata siku ya kupakua mbolea (sijui anataka nani amwone, magunia?). Tulielewana vizuri mpaka akamwacha binamu yangu Nasimiyu kwa ujumbe wa simu, baada ya kula Krismasi kwao kama mkwe, na tangu hapo sikumsemesha. Nikitaka makasi iliyo upande wake namwambia mteja, "Mwambie huyo anipitishie makasi," na mteja maskini anamwambia.

Basi Wanyonyi akajenga nyumba kwao Kamukuywa, akaalika duka lote kwa maombi ya kuifungua, pamoja na Madam Chebet, meneja wetu. Sisi wote tulijua kuna nafasi ya msimamizi na kwamba hiyo nyumba inaombewa cheo kuliko baraka. Ningekaa kwangu, lakini nikasema lazima niende nipate cha kudharau.

Nikaambiwa nisaidie kubeba chakula. Kwa sinia yangu kulikuwa na kibakuli kimefunikwa, na mama yake Wanyonyi akanieleza ni firigisi ya Madam. Sasa kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima, na zamani mwanamke hata hakuionja, lakini kwa sababu ya cheo Wanyonyi alikuwa tayari kupindua mila ya babu zake, yeye ambaye alishindwa hata kumwacha Nasimiyu ana kwa ana. Nikasimama kati ya jikoni na sebule, nikafunua, nikaiweka yote mdomoni. Sikuwa na njaa. Ilikuwa dharau tu.

Firigisi ya jogoo mzee wa kienyeji haimezeki hivi hivi, bana. Niliingia sebuleni bado natafuna kwa siri, na Wanyonyi (ati anaonyesha Madam kwamba hatuna ugomvi) akasimama akasema, "Kabla hatujala, dada yetu Nafula atatuombea."

Watu wakafumba macho. Mimi nikajaribu "Baba" ikatoka "mmba", na mzee mmoja akaitikia amina. Nikameza kwa nguvu, ikakwama, nikakohoa, na firigisi ikaruka ikatua kwa kitambaa cha meza mbele ya Madam Chebet, na alama za meno yangu juu yake.

Mama yake Wanyonyi akaiangalia. "Si hiyo ndio firigisi ya mgeni?" aliuliza kwa upole, na ule upole ndio ulinimaliza.

Wikendi hiyo nilishajiona nimefutwa, nikamuuliza mama yangu kama anaweza kunitafutia mahali pa kuuza omena. Jumatatu tukaitwa ofisini, mimi na Wanyonyi, naye akatoa hotuba kwamba nimedharau familia yake, mila na kampuni (kampuni imeingiaje kwa kuku?). Madam akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi hata sili firigisi," akamwambia. "Huwa namrushia paka."

Mngeona sura ya Wanyonyi. Nikajua nimepona, karibu nicheke. Kisha Madam akanigeukia mimi. Akasema wateja wamechoka kuwa matarishi wetu, na kwamba duka jipya la Suam linahitaji watu wawili tu, msimamizi na msaidizi, na huko tutajifunza kuongea. Nani alipewa usimamizi, sihitaji kuwaambia.

Kwa hivyo sasa niko Suam, nikitaka kwenda kula mchana naomba ruhusa kwa Wanyonyi, naye anafikiria kwanza huku akirekebisha shati. Na Nasimiyu, ambaye niliaibika kwa ajili yake? Ameolewa na mwalimu huko Bungoma, na nilipompigia simu nimlilie akaniuliza, "Wanyonyi gani?"

Mkinisikia tena nimenunia mtu kwa sababu ya penzi la mwingine, nifungieni ndani.