Vyungu Kumi na Viwili Kabla ya Treni ya Kasai

Saa moja asubuhi, Adolphine Kanku ameketi juu ya sanduku lake katika uwanja wa kituo cha treni cha Kolwezi, mkoani Katanga. Mbele yake kuna vyungu kumi na viwili vya udongo. Anainua kimoja, anakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Anakiweka kushoto. Cha pili, kushoto. Cha tatu, kushoto tena.

Kina mama waliomzunguka na madumu yao wanaufuata mkono wake kwa macho. Wanajua kulia ndiko viwekwako vyungu vizima, na kulia bado hakuna kitu.

Kanku, mwenye miaka arobaini na sita, ni mtafiti wa kauri. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya migodi mjini hapa, akitengeneza mabomba na vikombe vya kuyeyushia madini. Kazi yake kubwa ilikuwa kupambana na vitundu. Kitundu chembamba kuliko unywele kinatosha kupasua kikombe motoni.

Mwaka huu wa 1993 migodi iko hoi, na watu wenye asili ya Kasai, mkoa jirani, wanafukuzwa mjini wakiitwa wageni. Kanku alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Kasai anaijua kwa masimulizi ya marehemu baba yake tu. Hilo halikumsaidia. Asubuhi moja alikuta jina lake limefutwa kwenye orodha ya wafanyakazi mlangoni mwa maabara. Jioni yake aliambiwa nyumba si yake tena.

Hii ni wiki ya tano anaishi kituoni, chini ya turubai, pamoja na maelfu wanaongoja treni. Maji wanachota kwenye mfereji ulio nyuma ya reli. Upande wake wa uwanja peke yake, kuhara kumeua watoto kumi na mmoja.

"Mi niko mutu wa seramiki, si munganga," ananiambia. "Lakini nilizika batoto na hii mikono. Nikajiuliza, sasa masomo yangu yote ni ya nini?"

Alichanganya udongo wa kichuguu na pumba za mahindi, akafinyanga vyungu, akavikausha chini ya turubai. Motoni pumba huungua na kuacha vitundu vidogo mno. Maji hupenya, uchafu hubaki juu.

"Miaka yote nilikuwa naziba bitundu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Leo njo niko nabiita bikuje."

Tanuru alilipata kwa Mukalay, fundi wa moto wa maabara ile ile, Mkatanga mwenye mvi. Mukalay alivibeba vyungu kwa baiskeli, vitatu vitatu, akavichoma wakati wakubwa wake hawapo. Angeonekana anamsaidia Mkasai, angepoteza kazi, na pengine zaidi ya kazi.

Moto ukizimwa, tanuru hufungwa siku mbili nzima. Ukilifungua mapema, hewa baridi hupasua vyombo. Mukalay ndiye aliyemfundisha Kanku subira hiyo, zamani alipokuja na shahada yake na haraka zake. Lakini jana ilitangazwa kwamba treni inafika leo, na tanuru lilikuwa limepoa siku moja tu.

"Nilifungua," anasema Mukalay, ameshikilia baiskeli, macho chini. "Niliona treni itamubeba kabla ya kubiona. Roho ilinishinda, baba."

Kanku anagonga cha mwisho. Vimefika tisa kushoto na vitatu kulia.

Mbuyi, mama kijana ambaye mwanawe wa miezi minane anahara tangu juzi, anakumbatia kimoja cha kushoto. "Mama Kanku, ufa hauonekane hata. Unipatie tu hiki."

"Hapana, mwanangu. Hiki kitakudanganya. Utaona maji inang'aa, utamunywesha mutoto, kumbe uchafu ilishapita."

Anakitoa taratibu mikononi mwa Mbuyi na kukivunja juu ya reli. Kisha anavivunja vingine vinane, kimoja kimoja. Mukalay anageukia ukuta. Nami, nakiri, niliweka kalamu chini.

Chungu kizima cha kwanza anapewa Mbuyi, ambaye hana nafasi katika treni ya leo. Kinachuja lita mbili kwa saa. Viwili vitaingia behewani, kwa watu zaidi ya mia moja na safari inayoweza kuchukua wiki mbili. Kidogo hicho ndicho kilichopo.

Namuuliza Kanku kama hana kinyongo na Mukalay. Ananitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu.

"Ule mutu alinifundisha kungoja miaka kumi na tisa. Siku moja tu alishindwa kungoja, na ni kwa ajili yangu. Nimukasirikie nini?"

Treni inaingia alasiri. Mukalay anampandishia sanduku, kisha vyungu viwili vilivyofungwa katika kitenge. Kanku anainama mlangoni mwa behewa na kumweleza mpango wake: akifika Kasai, kabla ya kutafuta nyumba atatafuta udongo, ajenge tanuru, achome vyungu vya kila kambi.

"Lakini moto sitauweza peke yangu," anasema.

"Uniandikie. Nitakuja."

"Mukalay, kule nako batakufukuza."

Mzee anaufunga vizuri ule mzigo wa kitenge miguuni pa Kanku. "Basi, mama, tutafukuzwa sisi babili."