Ubao wa Redio na Mawaziri Wawili

Saa moja asubuhi, ukumbi wa programu ya masomo ya Korea ya leo bado unanukia sabuni ya kudekia. Mfasiri wa programu anabandika karatasi ubaoni, anarudi nyuma, anainamisha kichwa, kisha anabandua moja na kuinyoosha. Chuo kizima humwita Redio.

Kazi yake ni kusoma magazeti ya Korea na kuandika habari zake kwa Kiswahili. Wanafunzi huzipitia kabla ya kuingia darasani kubishana. Lakini mhariri wa kwanza ni mkewe, fundi cherehani, anayesomewa kila habari wakati wa chakula cha jioni.

"Akipiga mwayo, nafupisha," anasema Redio.

Muhula huu ulianza vibaya. Alitangaza kwamba waziri wa elimu wa Korea amejiuzulu, kumbe aliyejiuzulu ni waziri mwingine mwenye jina la ukoo lile lile. Kule majina ya ukoo ni machache na watu ni wengi, naye aliishia kutazama jina la ukoo, ambalo Wakorea hulitanguliza. Darasa zima likamjadili mtu aliyekuwa ofisini kwake, anachapa kazi.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anakumbuka.

Mkuu wa programu, profesa asiyecheka ovyo, alimpa hadi mwisho wa muhula. Wasomaji wasipomwamini tena, ubao ung'olewe na yeye arudi maktaba kupanga vitabu.

Redio hakuficha kosa. Alilibandika juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko habari yenyewe. Tangu hapo kila kiongozi anaandikwa na maelezo yake: ni huyu, si yule. Wanafunzi walimtania mpaka wakachoka, ila hawakuacha kuja.

Leo muhula unaisha. Profesa anasimama mbele ya ubao, mkoba begani, akisoma habari ya shule ya kijijini iliyokosa watoto ikaandikisha mabibi wazee darasa la kwanza. Redio anajifanya kutafuta pini.

"Ubao ubaki," profesa anasema hatimaye. "Na hii ya mabibi nipe nakala, nikamsomee mama."

Redio anacheka peke yake kwa furaha. Sasa anataka ubao wa pili, getini, kwa ajili ya mlinzi na wapita njia.

"Mlinzi keshaniuliza kama mabibi wale wanavaa sare," anasema. "Nitamtafutia jibu. Ila safari hii nihakikishe kwanza ni mabibi wale wale."