Mlango wa Boma la Askari

Sisi tuliochunga mbuzi kando ya Mto Kuja tulikuwa na uwanja ambao watoto wa leo hawana: boma la askari wa mkoloni. Paa lilikuwa limekwisha, lakini kuta za mawe zilibaki, nene, zenye matundu ya bunduki. Zamani palikuwa mji, wenye askari na wake zao na maduka mengi. Sisi tulikuta duka la Mzee Salim na mashine ya kusagia unga.

Ndugu yangu Ouma ndiye aliyekuwa kamanda. Alitupigia amri kwa Kizungu cha kubuni, nasi tukikanyaga chini kwa miguu mitupu, midomo imejaa mapera. Siku moja alianguka kutoka ukutani akapasuka kidevu. Mama alimpaka mafuta ya taa akamwambia mbuzi hawajui kama anaumwa. Vijana wa siku hizi wakijikwaa hupiga picha kwanza.

Kwaro, yaani babu yetu, hakupenda tupige kelele pale. Vita vya Mjerumani vilipokuja, baba yake aliingizwa kwa mlango wa lile boma pamoja na wenzake, wakabebeshwa mizigo ya jeshi. Kwaro alikuwa mdogo, ameshikwa mkono na mama yake. Baba hakurudi. Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu, zito, la mwegea. Wazee walimwambia Kwaro afanye hivyo, akakataa. Kila jioni alipitia mlangoni pa boma, akasimama kidogo, ndipo akaja nyumbani.

Dani, mkewe, alimtania tukiwa tunakula nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. "Huyo mzee akija leo hana hata jino moja. Atakula nini?"

"Atakunywa uji," Kwaro akajibu. "Na wewe ndiye utampikia."

Kisha lori likaja kuchukua mawe ya boma kujengea daraja. Sisi watoto tulilikimbilia kwa furaha. Mlango ndio uliobomolewa mwisho. Jioni hiyo Kwaro aliketi, hakugusa chakula, na Dani hakumtania.

"Mlango hakuna tena," akasema mwishowe. "Atapajuaje?" Halafu akatugeukia. "Nyikwaya, wajukuu wangu, kesho mniletee yago."

Tulilichuma kando ya mto, tukalifunga kwa blanketi, Ouma mbele, mimi nyuma. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Tulipofika dukani, Mzee Salim akauliza tumebeba nini.

"Baba yake Kwaro," Ouma akasema.

Nilingoja acheke. Alifunga duka, akatembea nasi mpaka kwetu.

Kwaro alilipokea kwa mikono miwili. "Umechelewa," akaliambia. Dani akatoka jikoni na kibuyu cha uji, akakiweka kando ya kaburi.

Mwezi uliopita Ouma alifia Mombasa. Watu wa kanisa lake, majirani wa huko na jamaa zetu wa Awendo walihakikisha anafika nyumbani, na sina maneno ya kuwashukuru. Gari lilipita pale palipokuwa boma. Sasa ni shamba la mahindi na kituo cha bodaboda. Wajukuu walikuwa wakituma picha kwa simu njia nzima, hata watu wa mbali wakajua amefika kabla sijajua mimi niliyekuwa nimeketi uani. Siwezi kuwacheka kwa hilo. Kwaro angeuza ng'ombe wake wote apate habari ya namna hiyo.

Enzi zetu tulikuwa na kuta za kupanda, mapera, na wazee waliojua kungoja. Hayo yamekwenda. Lakini leo mtu akifa mbali, barabara humrudisha.

Walipofungua jeneza nilitafuta kovu kidevuni. Nikaligusa kwa kidole. Alikuwa yeye.