Nilimwita Mume Wangu Mhandisi wa Reli Mbele ya Wakwe

Admin, nifichie jina, hata herufi ya kwanza usiweke. Kariakoo watu hawana dogo, wakijua ni mimi watajaa dukani kuuliza bei za mapazia wasiyonunua, wanitazame tu usoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Moshi, nauza vitambaa vya mapazia kwa jumla. Tunaishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Nina binti mmoja na mume mmoja. Binti nampenda. Mume ni mtu wa Masasi, fundi saa, ana kimeza chake pembeni ya Mtaa wa Msimbazi, na nyie niambieni, siku hizi nani anapeleka saa kwa fundi? Kwa hiyo muda anao wa kumwaga. Na huo muda wote anatengenezea treni.

Msidhani ni treni ya maana. Kichwa chake kinakaa ndani ya kifuniko cha soda na nafasi inabaki. Injini kaitoa kwenye simu mbovu, kile kidude kinachotetemesha simu ikiita. Reli ni nyaya za shaba, nyumba kazikata kwenye kadi za harusi za watu, na miti ni dodoki langu la kuoshea vyombo alilolikatakata akalipaka rangi ya kijani. Vyote hivyo kavipanga juu ya sinia langu la pilau. Mtu wa miaka hamsini na nne, lenzi ya saa jichoni, kibano mkononi, kajikunja tangu atoke kanisani mpaka chakula kinapoa, halafu ananiita, "Mke wangu, njoo uone, leo imepita kwenye kona!" Imepita kwenye kona. Wanaume wenzake wanapandisha maghorofa, wangu anashangilia kona. Wageni wakija nalifunika lile sinia kwa kanga, nawaambia ni maandazi yanaumuka.

Sasa mwaka huu binti kapata mchumba, kijana mwenye kazi yake, ukoo wa wasomi. Mama yake kijana akapita dukani tujuane, akauliza, "Na baba mtu anajishughulisha na nini?" Mdomo wangu ukakataa kusema fundi saa. Nikasema, "Ni mhandisi wa reli." Wala sikujuta. Nilijua siku ya posa baba wa binti hasemi kitu, anayejibu ni mdogo wake. Mume wangu angekaa kwenye kochi na suti yake, kimya, na kukaa kimya anakuweza. Huyo mdogo wa mume wangu, shemeji, nikamweleza, akacheka, akakubali. Mume mwenyewe sikumwambia. Wa nini?

Kumbe yule mama naye alikuwa na akili zake. Ili kumfurahisha mhandisi, mshenga wakamchagua mjomba wa kijana, dereva wa treni mstaafu.

Walikuja Jumamosi saa nne asubuhi, barua ya posa imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Yule mzee hata hajakaa vizuri akamgeukia mume wangu. "Mhandisi, nimefurahi sana kukuona. Mimi nimeendesha treni maisha yangu yote. Wewe uko upande gani, njia au mabehewa?"

Shemeji akadakia, "Mzee wetu, leo baba haongei, mdomo wake ni mimi."

Mume wangu akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi zaidi. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na sinia, akalitua mezani katikati ya soda za wageni.

"Shikamoo mzee," akasema. "Mimi ni fundi saa. Reli niliyojenga ni hii hapa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasubiri wacheke, nami nilishajiandaa kucheka nao ili nijitoe. Hawakucheka. Yule mzee akavua koti, akapiga magoti kwenye zulia, na kile kitreni kikaanza kuzunguka. Kilipofika kwenye kona akasema, "Hapa umeilaza reli kidogo kwa ndani. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, mzee. Ilikuwa inaanguka, nikakaa nikaangalia kwa nini inaanguka."

Wakaendelea hivyo robo saa nzima, watu wazima wawili na dodoki langu. Kisha mzee akainuka, akajipangusa magoti, akauliza kwa upole, "Sasa nani alituambia ni mhandisi?"

Shemeji akatazama dari. Binti yangu alikuwa anachungulia kutoka jikoni, akanitazama mimi.

Mzee akaichukua barua akairudisha mfukoni. "Binti hatujamkataa," akasema, "na baba tumempenda. Ila barua yetu haiwezi kulala kwenye nyumba iliyotupokea kwa uongo. Tutarudi siku mama atakaposimama mbele yetu amtambulishe mume wake, kwa mdomo wake mwenyewe, kama alivyo."

Hii ni wiki ya tatu. Binti hagusi chakula nikipika mimi. Mume hajanitolea neno baya, ananisalimia kila asubuhi na kurudi kwenye kibano chake. Sinia siku hizi halifunikwi. Majirani wanapanda ngazi kuja kuliangalia, wakitoka wananisifia mume. Watu na akili zao! Nawadharau wote.

Na nyie mtakaoandika "pole dada", bakini na pole zenu. Kila mtu ananiambia ni jambo dogo, simama useme yaishe. Jana nilifunga mlango wa chumbani nikajaribu peke yangu. Nikasema, "Huyu ni...", sauti ikakata kabla hata sijafika kwenye kazi yake. Nimekaa naye miaka ishirini na minne, na sikumbuki siku hata moja niliyomwonyesha mtu nikasema huyu ni mume wangu. Wakwe wanasubiri, mwanangu anasubiri. Nyie mliowahi kumdharau mtu kiasi hiki mkaweza kurudi, nishaurini, naanzia wapi?