Mwana wa Nani

Ninafundisha dini. Sio madrasa, ni sekondari, huko Buswelu, Mwanza, somo lenye mtaala na mitihani. Huwa naanza na chimbuko: Makka, pango, wahyi wa kwanza, hijra. Kisha nguzo za imani na nguzo za Uislamu, ambazo wanafunzi huzichanganya kila mwaka bila kukosa. Mwishoni inakuja mada ya mgawanyiko, na hapo hata waliokuwa wanasinzia huamka, kwa sababu mada hiyo ina ugomvi.

Kwa ufupi wa darasani naieleza hivi. Mtume amefariki. Mwili uko ndani, watu wa nyumba yake wanauandaa kwa maziko. Sehemu nyingine ya mji, baadhi ya masahaba wamekutana na wanajadili nani ashike uongozi. Waliokubali uamuzi wa mkutano ule ndio chimbuko la Sunni. Walioona uongozi ulikuwa haki ya mtu wa nyumba ile ndio chimbuko la Shia. Nachora safu mbili ubaoni, kila upande na hoja zake, na sionyeshi ninaegemea wapi. Kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, wasingesubiri wazike kwanza?" Namwambia mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho, halafu natoa zoezi.

Baba yangu alifariki alfajiri, siku ya shule. Nilimpigia simu mkuu wa shule nikamwambia sitafika, nikakata bila kumwambia kwa nini. Akapiga tena kuuliza kama naumwa. Nikasema hapana, baba amekufa, kwa sauti ile ile ambayo mtu anatumia kusema maji yamekatika. Sikulia. Nilikaa kitandani kwa baba nikatazama vidole vyangu vya miguu. Ganzi iliyonishika ilikuwa ya mwili mzima, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii haikuanza kuchoma.

Baba alikuwa fundi wa matranka, yale masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa bweni huenda nayo shule. Alitoka Misungwi akiwa kijana, mtoto wa wafugaji, akaja mjini kutafuta kazi na kazi akaipata kwa fundi Muislamu aliyemfundisha kukata bati, kukunja kona na kugonga ribiti. Ikifika saa ya swala, fundi aliweka nyundo chini na karakana nzima ikanyamaza. Baba alisema kilichomvuta kwanza ni ule ukimya. Baadaye ndiyo akaja kujua imani yenyewe, akasilimu, akaoa binti wa Kiislamu wa mjini, ambaye ndiye mama yetu. Naye alitangulia zamani.

Mama yake baba hakusilimu. Alibaki na mila za wazee wake mpaka akafa, na hakuona tatizo mwanawe kuswali, alimradi aswali ameshiba. Alikuja mjini na kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akakaa karakanani kwenye tranka ambalo halijapakwa rangi na kumwita baba kwa jina la utotoni mbele ya wateja. Baba aliitika. Lile la Kiislamu aliitikia pia. Sikuwahi kuona akihangaika na majina hayo mawili.

Kitu kilichomhangaisha kilitokea makaburini. Alikwenda kumzika rafiki yake, naye fundi, naye wa kusilimu ukubwani. Kwetu, kwa walio wengi katika Waislamu wa hapa mjini, kaburi likishafukiwa msomaji hukaa upande wa kichwa na kusoma talkini: anamwita marehemu kwa jina, anamkumbusha majibu ya maswali atakayoulizwa na malaika, nani Mola wako, nani Mtume wako, ipi dini yako. Na anamwita kwa jina la mama yake. Fulani mwana wa fulani, mwanamke. Kama jina la mama halijulikani, husemwa mwana wa Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama wa wote.

Mama wa yule rafiki alikuwa hai. Alikuwa amekaa uani na kanga kichwani wakati mwanawe anazikwa. Lakini hakuwa Muislamu, jina lake lilikuwa la Kisukuma tupu, na msomaji aliona halifai kutajwa pale. Akasema mwana wa Hawa. Baba alirudi nyumbani Kiseke, akakaa barazani na viatu miguuni, chakula akakikataa.

"Mtu ana mama," aliniambia. "Mama yupo pale, amekaa. Wanasemaje hajulikani?"

Nikaanza kumweleza kauli za wanazuoni. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Siku yangu ikifika, waniite kwa mama yangu. Jina lake unalijua. Usiwaachie wanitupe kwa Hawa."

Hakuomba kitu kingine. Hakuusia nyumba wala vyombo vya kazi, vyote hivyo alisema tutajua wenyewe. Aliomba hilo, akaniomba mimi, mwanamke, ambaye kwa desturi yetu siendi makaburini.

Nina ndugu wawili wa kiume. Kaka yangu mkubwa anauza vipuri vya pikipiki. Utoto wake wa mwanzo aliupitisha Misungwi kwa bibi, akachunga, akaja mjini anaongea Kisukuma kuliko Kiswahili. Ukubwani alisoma dini kwa bidii na akajiunga na wale wanaotaka ibada ibaki kama alivyoifanya Mtume, bila nyongeza. Kwake maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, ni bidaa, talkini ni bidaa. Suruali yake inaishia juu ya kifundo cha mguu, na mtaani wanamtania kwamba anaogopa mafuriko. Mdogo wangu, aliyerithi karakana ya baba, anapiga dufu kwenye maulidi na hakosi hitima hata ya mtu asiyemjua. Kuna miaka hata mwezi wanaufuata tofauti, mmoja anasali Idi leo na mwenzake kesho. Baba alikula pilau zote mbili na kusema ile ya pili imeiva zaidi.

Siku ile mazishi yalipangwa kuwa baada ya adhuhuri. Waliokwenda kuchimba wakagonga mwamba. Ukiishi Mwanza hilo halikushangazi. Unachimba choo unakuta jiwe, unachimba msingi unakuta jiwe, na kaburi nalo halina upendeleo. Wakahamia pembeni, wakaanza upya, na maziko yakasogezwa hadi baada ya alasiri. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na mwili uliokwisha oshwa na kukafiniwa, na kulikuwa na muda. Ndugu zangu wakautumia.

Walianza kwa sauti ya chini, pembeni ya tangi la maji. Mdogo wangu alisema sheikh wa msikiti wa zamani yuko tayari kwa talkini. Kaka akasema baba yake hatafanyiwa uzushi juu ya kichwa chake. Mdogo wangu akajibu kwamba huyo ni baba yake pia, na kwamba watu wameikuta talkini ikisomwa tangu hawajazaliwa. Kaka akataka ushahidi, na ushahidi ukaja, wa huku na wa kule, mpaka majirani wakaacha kumenya viazi. Mimi nilisimama mlangoni nikijua kila hoja itakayofuata. Ningeweza kuwachorea safu ubaoni. Nilijua pia ninachotakiwa kufanya, kusema alichoniomba baba, na mdomo haukufunguka. Nilikuwa nawaza kama sukari ya chai itatosha.

Aliyewakatiza ni shangazi, dada yake baba, aliyefika kutoka Misungwi wakati huo huo na mkoba wake begani. Yeye ni Mkristo, na habari za makundi yetu hajui hata moja.

"Mnabishana nini na mwenzenu yuko ndani?" akauliza. "Kwetu tunazika kwanza. Ugomvi wa urithi unafuata."

"Shikamoo shangazi," wakasema wote wawili, kama watoto.

"Marahaba. Sio ugomvi wa urithi?"

"Hapana, shangazi."

"Basi ni wa nini?"

Hapo ndipo nilipopata sauti. Nikasema kwamba baba aliacha neno moja tu, asomewe, na aitwe kwa jina la mama yake. Kaka akasema swala ya jeneza ataiongoza yeye, hilo halina majadiliano. Udongo ukishajaa, yeye na wenzake watamwombea dua na kuondoka. Watakaobaki watajua wenyewe.

Nikamvuta mdogo wangu pembeni nikamtajia jina la bibi. Nikamfanya alirudie. Akalirudia vizuri.

Jeneza likatoka. Wanawake tukabaki, isipokuwa shangazi. Alipoambiwa wanawake hawaendi, alisema hao ni wanawake wa Kiislamu, yeye anamsindikiza kaka yake. Akavaa tena viatu vyake na kuwafuata kwa nyuma.

Nilibaki nikiosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Upepo wa ziwani ulipuliza turubai likapigapiga juu ya vichwa vyetu na mtu akasema lifungwe vizuri. Nakumbuka nilijaribu kuwaza juu ya baba na nikashindwa. Kila nilipomtafuta nilikuta nawaza turubai. Kitu kimoja tu kilikuwa hai ndani yangu, nacho ni hofu. Nilihofia wasimwite kwa mama yake. Nilijua kwa kitabu kwamba wasomi wamehitilafiana hata kama maiti anasikia, na bado nilikuwa nahofia hivyo, mikono imo ndani ya maji.

Shangazi ndiye aliyerudi wa kwanza. Akaomba kiti, akavua viatu, akanywa maji ya glasi nzima.

"Hawa ni nani?" akaniuliza.

Nikakiacha kikombe ndani ya maji.

"Yule mzee wenu wa kusoma alikaa pale chini," akaendelea. "Mimi nilikuwa nimesimama barabarani, sikusogea karibu, lakini anasikika. Akamuuliza mdogo wako, mama wa marehemu ni nani? Mdogo wako akafungua mdomo. Mzee akauliza tena, alikuwa Muislamu? Mdogo wako akasema hapana. Mzee akasema basi tutasema mwana wa Hawa. Na mdogo wako akanyamaza. Watu wote wale, akanyamaza! Sasa huyo Hawa ndiye nani, wakati mimi na baba yako tumezaliwa tumbo moja?"

Nilikaa chini kwenye saruji, mbele yake. Niliona kwamba nimeombwa kitu kimoja na kimenishinda, na hata hapo sikuhisi kitu zaidi ya baridi ya sakafu.

"Subiri," shangazi akasema. "Sijamaliza. Mkubwa wako walikuwa wameshaondoka na wenzake, ameshafika barabarani nilipo mimi. Aliposikia hivyo akasimama. Akageuka. Akaita jina la mama, kwa nguvu, mpaka wapita njia wakaangalia. Jina lote, na la babu yake juu, kama tunavyotajana sisi. Halafu yule mzee akaanza upya, na akalisema. Nimelisikia mwenyewe. Wamemwita mama." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Huyo mkubwa wako si ndiye aliyekuwa hataki?"

"Ndiye," nikasema.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kaka uani peke yake, anakunja mikeka. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kukunja.

"Shangazi ameniambia," nikasema. "Kwamba ulirudi."

"Sikurudi. Nilisimama." Akaupiga mkeka vumbi. "Talkini ni bidaa, na leo nakwambia vile vile. Lakini mtu kauliza jina la bibi yangu, na mimi ninalijua. Bibi amenilea. Nikae kimya waseme hajulikani? Kwani niliokotwa?"

Nilitaka kumshukuru. Badala yake nikamuuliza kama amekunywa chai. Akasema bado. Hakwenda kunywa. Akasimama na mkeka kwapani, akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza bei ya kitu na anaona aibu.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akitaka kunitania, lakini hakuwa anatania. "Unaonaje? Alisikia?"

"Wapo wanazuoni wanaosema maiti anasikia," nikaanza, "na wapo wanaosema..."

"Sijakuuliza wapo. Nimekuuliza wewe."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunibana hivyo. Nikatafuta safu zangu mbili, sikuona hata moja.

"Sijui, kaka. Nataka awe amesikia."

"Na mimi," akasema, na ndipo sote wawili tukalia, yeye akiwa bado ameushika mkeka.