Saa ya Mjomba Haifunguliwi kwa Kisu

Mwanangu, rudisha hicho kisu jikoni. Sasa hivi! Nimekupa saa uivae kesho ukienda Kibwezi kuomba msichana, sijakupa mbuzi wa kuchuna. Unataka nipandwe na presha na umri huu? Kaa hapo.

Kuna siku moja huko Mbooni sijawahi kuisahau. Nilikuwa kijana kama wewe, mjinga kukushinda. Mimi na mjomba wangu tulipanda na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kwanza wa kuomba binti, mpaka kwa kina Mwikali, msichana niliyetaka kumwoa. Saa ilikuwa hii hii. Ilikuwa ya huyo mjomba, aliyempikia mzungu mmoja Mombasa miaka mingi. Mzungu akirudi kwao baada ya uhuru, aliivua mkononi akamvalisha mjomba. Saa ya Uswisi, ya cheni, nzito. Asubuhi hiyo mjomba alinivalisha mwenyewe, akaniuliza, "Kufungua unajua?" Nikasema najua. Uongo mtupu! Sikuwa nimewahi kuvaa saa ya aina yoyote.

Tulipokelewa vizuri. Mjomba akabaki ndani kutusemea kwa wazee, mimi nikaitwa nyuma ya nyumba kusaidia kuchuna mbuzi mmoja. Nikaogopa damu isiingie kwenye cheni. Nikavuta kifungo cha cheni, wapi! Nikavuta tena. Vijana wa kwao wakaanza kunicheka, na mimi, badala ya kutembea hatua kumi nikamwulize mjomba, nikachukua kisu cha kuchunia, nikaingiza ncha chini ya kifungo, nikapindua.

Kifungo kikapinda. Kifuniko chake kidogo kikaruka majanini, na kisu kikanipasua hapa, ona kovu.

Nikaingia kwa wazee nikivuja damu, saa inaning'inia. Na wakati huo huo mjomba alikuwa akiwaambia, "Huyu kijana ni mwangalifu sana." Akaiona saa. Akasema, "Nilikuuliza kama unajua. Umenidanganya mimi, na umenifanya nidanganye wazee hawa."

Baba yake Mwikali hakupaza sauti hata kidogo. "Kitu kikimshinda, yeye anachukua kisu. Binti yangu simpi."

Mbuzi wawili waliobaki tukateremka nao. Unajua aibu ya kuteremka mlima na mbuzi wa ntheo, kila mtu akiacha jembe akuangalie? Mwaka uliofuata Mwikali akaolewa huko Kambu. Namshukuru Mungu kwa mama yako, sana, lakini hasira ya siku ile haijaisha. Na simkasirikii baba yake Mwikali. Naukasirikia huu mdomo wangu uliosema najua.

Basi lete mkono. Kaa hapa kitandani, ili ikiponyoka isiangukie saruji. Unaona hiki kifuniko kidogo kilicholalia kile kikubwa? Hiki kiliwekwa tena na fundi wa Mombasa, na mjomba alikaa miaka mitatu kabla hajaniruhusu kukigusa. Anza na hiki. Kiinue kwa ncha ya kidole. Si kisu, si meno! Kikishainuka, shika ukingo wa kile kikubwa uvute taratibu, bila kupindua. Kikikataa, acha kwanza, uangalie umesahau nini. Kuna saa nyingine zina vitufe viwili pembeni, hizo unabonyeza vyote viwili pamoja. Na kama hujui, sema hujui! Sema mbele ya baba mkwe, mbele ya hao vijana wanaocheka, mbele ya mtu yeyote. Watakucheka kidogo, halafu watakuonyesha.

Haya, fungua. Aiya! Umeona? Kumbe haikutaka nguvu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono mipole na mdomo wa kusema kweli, na nyumba ya watu wa Kibwezi ikufungukie. Kesho jioni nitakaa hapa mlangoni nikiangalia njia, na nisione mbuzi hata mmoja akirudi.